Kompyuta Ndani ya Kiroba

Mzee Rahimu alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya dada yangu Mastura, hapa Mkwaja, akiwa amekumbatia kiroba cha mbolea kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Nikanyoosha mikono nimpokee mzigo. Akanigeuzia bega.

"Acha, bwana mkwe. Huu ni ushahidi."

Sasa wewe nieleze. Mtu anatoka Amani, juu kule msituni, anateremka Muheza, anafika Pangani, anavuka mto kwa pantoni, analala Mwera kwa jamaa zake, asubuhi anadandia bodaboda mpaka kwetu, na kiroba hakijatoka mapajani. Wageni tumewaona sisi. Tembo wa Saadani alikuja mpaka nyuma ya jiko langu, akanywa maji ya mtungi, akaurudishia kifuniko chake, akaondoka bila kuaga. Asiyeamini aje akitazame kifuniko, alama ya mkonga ipo. Lakini mgeni wa kuja na ushahidi ndani ya kiroba, huyo alikuwa wa kwanza.

Nilijua kilichomleta. Mpwa wangu Sabra, binti wa Mastura, ameposwa na Sadalla, kijana anayefanya kazi bandarini Tanga. Baba yake Sadalla ni marehemu, kwa hiyo neno la mwisho ni la baba yake mkubwa, ndiye huyu Rahimu. Mambo yote yalikuwa yamekwisha, ndoa ikingoja tu ipite arobaini ya mama yetu, Bi Kijakazi. Arobaini ikafika. Watu wakajaa kutoka Tanga, Pangani, Mwera, wengine mpaka leo hatuwajui ni jamaa wa nani ila tunajua walikula. Kutoka Amani hakuja mtu. Na dua ya siku ile tulikuwa tumemwachia Rahimu aisome, kwa heshima ya ukwe mpya. Nafasi yake kwenye mkeka ikabaki tupu, wali ukapoa, mwisho nikaisoma mimi, na sauti yangu mnaijua. Sadalla peke yake ndiye aliyekuja kwa upande wao. Alikaa pembeni, macho mlangoni, mpaka watu wakaondoka.

"Wametudharau," alisema Mastura. "Mama yangu si mtu kwao."

Baada ya siku chache ikaja habari kutoka Amani kwamba tuliodharau ni sisi. Kwamba tuliwategea mtego ili wasije. Kwamba Rahimu anakuja mwenyewe, na asiporidhika, posa inarudi.

Mimi, sitaficha, nilikuwa na shaka zangu. Nilikuwa nimesikia, msiniulize wapi, kwamba kule Amani kuna mwenye mashamba ya iliki, na mwenye mashamba ya iliki ana binti. Mtu akitaka kuvunja posa hakosi sababu. Kwa hiyo nilipomwona na kiroba nikajisemea: haya, sababu imekuja na usafiri wake.

Akakaa. Sabra akatoka ndani, ushungi umemkaa vizuri, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu Rahimu, macho yake yakiwa juu kwenye boriti, kana kwamba aliyemsalimia ni mchwa.

Akafungua kiroba. Ndani mna khanga, ndani ya khanga mna kompyuta ya kukunja, ya zamani, nene kama tofali la kuchoma. Alipewa na ofisi ya shamba moja la chai walipokuwa wanatupa vya kale. Nyumba nzima ya kina Rahimu hutazama habari za ulimwengu kupitia hiyo hiyo, kwa sababu simu za kupapasa mwenyewe hazitaki. Anasema kitu kinachofunguka kwa kuguswa tu hakina siri.

"Hakuna kuigusa," alisema. "Nitaiwasha mimi na kuizima mimi."

"Nani anaitaka?" Mastura akamjibu. "Hata panya wangu hawaitaki."

"Dada, pole pole," nikasema.

Hapo inafaa nieleze jambo moja. Sabra kasomea mambo ya mtandao Tanga mjini, na alitutengenezea tovuti ya ukoo. Misiba, arusi, nani kazaliwa, na katikati kuna nasaba yetu yote imechorwa kama mti, majina yananing'inia matawini. Mastura akaipenda kupita kiasi. Akaacha kupigia watu simu kueleza mambo. Ukimuuliza lolote, jibu lake, "Liko kwenye tovuti, tazama." Na Amani ndivyo walivyoambiwa kuhusu arobaini. Simu ya Amani yenyewe unasikia nusu neno, nusu chura, kwa hiyo sote tuliona tovuti ndiyo njia safi.

"Nikatazama," alisema Rahimu. "Kama nilivyoelekezwa, herufi kwa herufi. Ukurasa haukufunguka. Badala yake mashine ikaniuliza, 'Unataka kuhifadhi faili hili?' Tangu lini mwaliko wa hitima ukaomba kuingia nyumbani kwangu na kulala?"

"Si ungefungua tu?" nikasema.

"Nifungue? Kijijini kwetu kuna mtu alifungua faili asilolijua, simu yake ikaanza kuwatukana wakwe zake yenyewe, mwenyewe yuko shambani!"

Nilitaka kumsifu, maana hiyo ilikuwa nzuri kuliko ya tembo wangu, lakini haikuwa wakati wake.

"Arobaini ilipokwisha kupita nikampigia Sadalla," akaendelea. "Sadalla ananiambia kwake umefunguka, na mti kauona. Sasa nikajiuliza. Kwa mtoto unafunguka, kwa baba yake mkubwa linakuja faili la mtego. Ukurasa mmoja! Aliyeuweka ni mmoja! Kwa nini? Kwa sababu mtoto mnamtaka, sisi wazee wake wa mlimani hamtutaki mkekani kwenu."

"Hatuwataki, na dua tukakuwekea wewe?" Mastura alipandisha sauti. "Nafasi yako ilikaa tupu mpaka wali ukaganda!"

"Hayo ni maneno ya leo. Kila mtu anaweza kusema leo kwamba jana alikuwekea kiti."

Sabra akainamisha kichwa. Nikaona vidole vyake vinazungusha pindo la ushungi, vinazungusha, vinazungusha. Huyu mtoto alimpenda Sadalla tangu chuo, na mbele yake kakaa mtu aliyeweza kuondoka na ndoa hiyo ndani ya kiroba.

Mastura ni mkali, lakini mgeni kwake hafi njaa. Akavuta pumzi, akauliza, "Bwana mkwe atakula nini?"

"Chochote, dada."

"Chochote?"

"Chochote kilichopo. Sisi hatuchagui."

Akaletewa wali na pweza wa nazi, pweza mwenyewe wa asubuhi ile, mikono imejikunja sahani nzima. Rahimu akasema bismillahi. Akala wali wa upande wa mbali, ule ambao mchuzi haujaufikia, tonge tatu nne kama anayepima sumu. Akanywa maji. Akasema alhamdulillahi, nimeshiba, akaisukuma sahani kwa ncha ya kidole.

Nikamfuata Mastura jikoni mbio.

"Umeona?"

"Nimeona. Anadhani nimemtia kitu."

"Au anatafuta aseme kwao kwamba hatukumlisha."

"Basi na aende! Na kompyuta yake, na iliki zao!"

"Kumbe na wewe umesikia habari za iliki?"

"Si wewe uliyeniambia?"

Tuliporudi, Rahimu kashaiwasha mashine. Kachomeka modemu yake mwenyewe, ya kwetu aliikataa. Mimi nikakaa nyuma ya bega lake, si kwa kuchungulia, kwa kupata upepo. Akaandika anwani ya tovuti yetu kwa kidole kimoja. Tukangoja. Na kweli, kikatokea kisanduku cha kijivu: unataka kuhifadhi faili hili?

"Haya! Macho mnayo!"

Nikatoa simu yangu. Ukurasa ukafunguka, mti na matawi yake. Simu ya Mastura, vile vile. Mashine ya Rahimu, kisanduku. Nikaanza kumtazama Sabra kwa jicho lingine, Mungu anisamehe. Nikajiuliza, huyu mtoto kweli hakuwaficha watu wa Amani makusudi? Vijana siku hizi wanawaonea haya wazee wa mlimani.

Rahimu akaanza kuikunja mashine. "Basi. Nimetoka kwetu na swali, nimepata jibu. Posa ya Sadalla..."

"Baba," Sabra akamkata, na mtoto kumkata mzee kauli kwetu si jambo dogo. "Naomba usiimalize hiyo sentensi. Nikikosa jibu, utaimalizia. Iache wazi kwanza, uifungue mashine tena mara moja."

Rahimu akanitazama mimi. Nikatazama boriti. Akaifungua.

Sabra akaleta kompyuta yake, akaingia huko nyuma ya tovuti, mahali ambapo kila anayekuja huacha alama za hodi yake. Akasoma kimya kimya. Kisha akaanza kutueleza, na mimi namnukuu kama nilivyoelewa.

Ukurasa ukitoka kwake kwenda kwa msomaji, hautoki uchi. Hutanguliwa na lebo inayosema mzigo huu ni wa aina gani. Mashine ya msomaji haionji kwanza, huamini lebo. Kurasa zake Sabra ni za ukoo mmoja mkali unaoitwa XHTML, ambao ndio uliomwezesha kuuchora ule mti ndani kwa ndani, na ukoo huo unaweza kusafiri kwa lebo mbili. Ya kwanza, *text/html*, ni ya kawaida, kila mashine tangu enzi za babu inaijua, na inasoma kwa huruma hata ukikosea. Ya pili, *application/xhtml+xml*, ndiyo lebo yake halisi, ila ni ya wanaoijua. Mashine isiyoijua haijui kama imeletewa barua au gunia la simenti, ndipo inapouliza, nihifadhi?

"Sasa wewe unajuaje nani umpe ipi?" nikauliza.

"Mashine ikija hodi, mjomba, hutaja lebo inazoweza kusoma. Simu yako imezitaja moja moja, na hii kali imo. Nikaipa kali."

"Na yangu?" Rahimu akauliza, sauti imeshuka kidogo, lakini mkono bado uko juu ya kiroba. "Yangu imesema nini?"

Sabra akageuza kioo sote tuone. Palikuwa na nyota, mkwaju, nyota: */*. Basi.

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza Mastura.

"Maana yake mgeni anasema..." Sabra akanyamaza. Macho yakamtoka kwenye kioo, yakaenda mkekani, kwenye ile sahani ambayo hakuna aliyeiondoa, pweza kajikunja vile vile, hata ncha haikukatwa. Akaziba mdomo kwa ushungi. Mabega yakaanza kutikisika.

"Unacheka nini mbele ya wakwe, wewe?" Mastura akamkemea.

"Baba," alisema Sabra alipopata pumzi, "kwa ruhusa yako. Unakula pweza?"

Nje kuku akalia mara moja akaona aibu.

"Sisi watu wa mlimani," alisema Rahimu taratibu, "kitu kile... mikono yake ina vikombe."

"Lakini mama alipokuuliza, ulisema chochote."

"Sasa mgeni aseme nini? Aseme nataka kuku? Kwenye nyumba ya watu, na nimekuja kwa ugomvi?"

"Na mashine yako ina adabu hiyo hiyo, baba. Hii hapa, nyota mkwaju nyota. Imekuja hodi, ikaulizwa inasoma nini, ikasema chochote. Mimi nikaandika sheria yangu kule nyuma: anayesema chochote, mpe ile bora, ile kali. Nikamletea pweza."

Mastura akakaa chini kabisa, miguu kainyoosha. "Ewe Mola wangu. Na marehemu mama alikuwa ananigombeza kwa hilo hilo. Mtu akisema chochote, alikuwa anampikia kuku na wali mkavu, hathubutu kumletea cha baharini. Mimi leo nimemletea mkwe mdudu wa vikombe."

"Sikusema mdudu," alisema Rahimu.

"Ulikuwa karibu."

Sabra akaandika kitu, mistari miwili mitatu. Anayeitaja lebo kali kwa jina, apewe. Anayesema chochote, apewe ya kawaida. "Jaribu sasa, baba." Rahimu akajaribu kwa kidole chake kimoja. Ukurasa ukafunguka. Mti haukuonekana, kwa sababu mashine ile haijui kuchora, lakini maneno yote yalikuwepo, tangazo la arobaini, na jina lake ndani.

Nikapiga makofi. Mimi peke yangu.

"Umebadilisha sasa hivi," alisema Rahimu. "Nimeona kwa macho yangu ukiandika. Lebo umebadilisha. Na maneno je? Haya ya kwamba mimi ndiye wa kusoma dua, nitajuaje hayakuingizwa leo, au jana, mliposikia nakuja?"

Ilinibidi nimheshimu. Ningekuwa mimi ningeuliza vile vile. Alichokuwa nacho Sabra ni kiapo tu, na mwenye shaka kama zile haponi kwa kiapo. Nikaona machozi yanakuja, yeye anayakataa.

Rahimu akakohoa, kikohozi cha mtu anayetaka kukiri jambo bila kuonekana.

"Lile faili," akasema.

"Lipi?"

"Lile la siku ile. Nililihifadhi."

"Si ulilikataa!" nikaruka.

"Sikulifungua. Nililihifadhi kama unavyomfungia nyoka kwenye chupa, ili siku nikimkamata mwenye nyoka nimwonyeshe. Lipo humu. Hakuna aliyeigusa mashine hii ila mimi, njia nzima."

Mastura na mimi tukatazamana. Kule kote, Muheza, Pangani, pantoni, Mwera, mzee alikuwa amebeba mwaliko wetu mapajani, akiulinda tusije tukaugusa.

Sabra hakusogea hata kidole. "Usinipe mimi, baba. Fungua mwenyewe. Usilibofye mara mbili. Fungua kwanza ile programu nyepesi ya kuandikia, halafu ulifungulie ndani yake. Pale haliwezi kufanya lolote, litaonyesha herufi tu."

"Ile ninayoandikia bei ya iliki?"

Iliki! Nikamkonyeza Mastura. Mastura akanipuuza.

Mzee akalitafuta. Pembeni ya jina la faili palikuwa na tarehe lilipoingia, na tarehe hiyo ilitangulia arobaini. Aliitazama sana. Akafungua. Kioo kikajaa mabano na alama, kama shamba lililovamiwa na magugu, na katikati ya magugu yakachomoza maneno ya Kiswahili. Akaweka kidole kwenye kioo, akasoma kwa sauti, akiruka alama kama anayeruka madimbwi.

"Hitima ya arobaini ya mama yetu... Bi Kijakazi... Dua itasomwa na mkwe wetu... Mzee Rahimu wa Amani. Tunamwomba afike mapema... akae mbele."

Akarudia. "Akae mbele."

Akavua kofia, akaishika mikononi, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo pia.

"Dada," alisema mwishowe. "Ule mkeka wa arobaini uko wapi?"

Mkeka ukaletwa. Tukautandika pale pale, Rahimu akakaa mbele, kofia kichwani, mimi kulia kwake, Mastura na Sabra nyuma. Akamsomea mama yetu dua, ndefu, ya sauti nzuri, hata nikaelewa kwa nini siku ile watu walikuwa wakinitazama vile.

Tulipopangusa nyuso akamgeukia Sabra, na safari hii macho hayakwenda kwenye boriti.

"Mwanangu, ile sentensi uliyonikata."

"Naam, baba."

"Posa ya Sadalla iko pale pale. Pangeni siku. Na hiyo siku muiweke kwenye tovuti kwa lebo ya watu wenye haya."

Mastura alipiga kigelegele kilichoamsha mbuzi wa jirani. Mimi nikaona nafasi ndiyo hiyo.

"Bwana mkwe, na yule binti wa mwenye mashamba ya iliki?"

"Binti gani?"

"Nimesikia kuna binti."

"Yupo. Bado ananyonya." Akanitazama mpaka nikaenda kuangalia kama bodaboda kafika.

Wakati wa kuondoka, kompyuta ikarudi kwenye khanga, khanga ikarudi kwenye kiroba, na kiroba safari hii akaniachia nikibebe mpaka nje. Mastura akasimama mlangoni na kapu.

"Bwana mkwe, nikufungie nini cha njiani?"

"Cho..." alisema Rahimu.

Akasita. Akamtazama Sabra, aliyekuwa kashaziba mdomo kwa ushungi.

"Nazi," akasema. "Kubwa, siyo za kutikisika maji. Na changu mkavu, wa upande wa mkia. Chumvi ile ya mawe. Mkate wa kumimina kama upo, na kama haupo nangoja upikwe. Na kuku, dada, yule mweupe aliyelia tulipokuwa tunazungumza."

"Yule wa mayai!" Mastura akamaka, lakini mkono ulishafika kwenye tenga.

Bodaboda akazima pikipiki, akakaa kivulini.